Jaribio

Nyumba yetu ya Igogo imekaa juu ya jiwe.
Lori la samaki likipita barabarani kule chini
vikombe havilii kabatini.
Kinachotikisika humu ndani ni mimi:
mkono wa kulia, tangu mwaka juzi,
kama kifuniko cha sufuria maji yakikaribia kuchemka.

Miaka ishirini na sita nilipiga pasipoti,
mabwana harusi, watoto wa kipaimara.
Nilibana pumzi, nikabonyeza.
Siku yangu ya mwisho studio padri mmoja alitoka na nyuso mbili,
akaniuliza kwa upole ni upi aupeleke uhamiaji.

Basi mpwa wangu Bujiku akaleta waya,
mweusi, mrefu kuliko chumba,
akauchomeka huku kwenye kamera, kule kwenye kompyuta,
akasema: Mjomba, usiiguse tena.
Nilikasirika.
Mkulima huambiwa asiguse jembe?

Sasa kamera imefungwa juu ya meza, inatazama chini
kama korongo kwenye maji ya magotini.
Mimi nipo chumba cha pili.
Mshale wa juu, tundu la lenzi linafunguka.
Mshale wa chini, fokasi inakuja taratibu,
inapita, inarudi, inakaa.
Na kidole kikicheza, haidhuru,
kitufe hakijui kutetemeka.
Kinajua ndiyo, kinajua bado.

Tunapiga mabondo.
Magesa wa Kirumba huyanunua kwa wavuvi wa sangara,
anataka picha ya kila moja kabla halijasafiri,
taa iwe chini ya kioo cha meza,
mnunuzi wa mbali aone unene, aone kama kuna damu.
Bondo kavu likiwashiwa taa kwa chini
lina rangi ya asali ya zamani,
na ukilitazama sana unasahau
kwamba lilikuwa pumzi, kwamba kazi yake
ilikuwa kumfanya samaki asizame.

Anayeyapanga ni mke wangu, Ng'wasi.
Alikata minofu kiwandani miaka tisa
hadi kiwanda kilipofunga lango.
Mimi nauambia ukuta: Kushoto.
Ukuta unajibu: Kushoto kwako au kwangu?
Geuza. Rudisha kidogo. Toa mkono.

Jumanne, kwenye bondo la kumi na nne, sikusema toa mkono.
Uliingia kwenye skrini peke yake, mkubwa,
mwanga ukapenya kandokando ya vidole ukavifanya vyekundu.
Kovu la kisu, kutoka gumba hadi kifundo.
Pete haipo; ilikatwa kwa koleo
mwaka ule kidole kilipovimba.
Mkono ukatulia. Ulilishika bondo ukingoni
kama mtu anavyoshika barua ya mtu mwingine.
Mji mzima nimeuambia utulie niutazame,
mkono huu sijawahi.
Kidole changu kikacheza juu ya kitufe.
Kikacheza tena.
Kikaanguka.

Chumba cha pili: kacha.
Umepiga?
Nimepiga.
Na mkono wangu humo?
Humo humo.
Futa. Magesa atadhani na mkono unauzwa,
na kwa bei yake ya kilo hatutaweza kuurudisha.
Akacheka, ameegemea meza,
na kicheko chake nikakiona kwenye skrini kabla sijakisikia:
mabondo yote yakisogea kidogo
upande wa ziwani.

Jioni umeme ukakatika, kompyuta ikabaki na nusu betri.
Nikatuma arobaini na moja.
Moja haikwenda. Faili lake nililiita jaribio,
jina ambalo hakuna mtu hulifungua.

Jana nimelitafuta nisilione.
Lipo palepale, ila kuna mtu amelibadilisha jina,
herufi moja moja, kwa kidole kisichozoea:
kushoto kwangu.